Bi Mnana na Tawi Lililopumua

Hadithi inabisha hodi!

*Ifungulieni, iingie!*

Imekuja na watoto wake!

*Iketi nao mkekani!*

Haya, sogeeni. Mwenye mtoto ampakate, mwenye usingizi ajifinye sikio.

Hapo zamani za kale, zamani hasa, wakati ndege na wanyama walikuwa bado wanaamkiana njiani, aliishi ndege mmoja akiitwa Bi Mnana, au Mama Kidawa kwa jina la binti yake. Bi Mnana alikuwa msusi. Hakusuka nywele wala ukili. Alisuka viota. Alichukua nyasi mbichi, akaivuta, akaipinda, akapiga fundo, na fundo lake likishafungwa hakuna wa kulifungua ila yeye mwenyewe. Ndege wote wa bondeni walikuwa na msemo: fundo la Bi Mnana hulijua Bi Mnana.

Akisuka, huimba:

*Vuta, nyasi, vuta,*
*Shika tawi, shika,*
*Nyumba ya mwanangu*
*Upepo hauiwezi.*

Basi Bi Mnana hakuwa kikongwe. Hapana. Alikuwa mtu mzima wa makamo, mabawa yana nguvu, sauti inafika ng'ambo ya mto. Na macho yake, ukimuuliza, atakuambia hayana neno. Mwewe akiwa angani, mdogo kama punje ya ulezi, Bi Mnana ndiye wa kwanza kupiga kelele: "Jificheni!"

Vya mbali aliviona. Vya karibu ndivyo vilivyokuwa vinamtoroka.

Akishika unyasi, anaupeleka mbali na uso, anarudisha shingo nyuma kama aliyenusa samaki wa jana. Anakunja jicho hili, anakunja lile. Kisha anasema, "Nyasi za siku hizi nyembamba mno. Mvua za siku hizi hazina nguvu." Jua likiwaka, kosa ni la jua. Jua likizama, kosa ni la jua pia.

Naona wengine mnacheka. Wewe mama wa pale nyuma, cheka taratibu. Juzi ulilaumu sindano kwamba imetoka dukani bila tundu.

Siku moja Bi Mnana alimsukia kiota Chiriku. Akasuka, akaimba, akamaliza. Kiota kizuri, cha mviringo, kimekazwa kama ngoma. Lakini hakikuwa na mlango. Na Chiriku alikuwa ndani, akijaribu upana wake.

"Shoga," Chiriku akaita kutoka ndani, "nitokee wapi?"

"Mlangoni, shoga yangu! Utokee wapi tena?"

Mnamjua Chiriku. Husema asubuhi, husema mchana, hata usingizini husema. Lakini siku hiyo alifikiria jinsi Bi Mnana alivyomsukia mama yake, na mama wa mama yake, akafunga mdomo. Akatoboa tundu nyuma kwa mdomo wake mwenyewe, akajipenyeza, akatoka manyoya yamevurugika.

"Ahsante, Mama Kidawa," akasema. "Mlango mzuri. Umejificha vizuri, nyoka hatauona."

"Ndiyo ufundi wenyewe huo," akasema Bi Mnana.

Siku ya pili, Bi Mnana alikuwa anasuka kwenye mti ambao Tumbili alikuwa amelala juu yake, mkia unaning'inia. Bi Mnana akaupata ule mkia. "Ah!" akasema. "Hii sasa ndiyo nyasi. Nene, laini, ina afya." Akausuka na kiota, fundo juu ya fundo.

Tumbili alipoamka akataka kuruka, akarudishwa kama mbuzi wa kamba. Akageuka, akaona. Akafungua mdomo apige ukelele. Halafu akamwona Bi Mnana ameinamisha kichwa pembeni, anakitazama kiota chake kwa mapenzi. Tumbili akaufunga mdomo. Akaguguna manyoya ya ncha ya mkia wake mpaka mkia ukachomoka, ukiwa na kipara.

"Salama, mwanangu Tumbili?" Bi Mnana akauliza.

"Salama, Mama. Nilikuwa... nanyoosha mgongo."

Kwenye mwamba wa jirani aliishi Pimbi, mnyama mdogo kama sungura. Pimbi alikuwa na kazi yake: aliokota vijiwe vinavyopitisha mwanga, akavisugua kwa mchanga na maji mpaka vikang'aa, ukitazamia ndani yake unaona kitu kilivyo. Yeye mambo yote mawili aliyaona kutoka mwambani, akacheka mpaka akajikwaa. Akashuka.

"Mama Kidawa, shikamoo."

"Marahaba, Pimbi."

"Mama, macho yako yanataka kijiwe. Njoo kwangu, nikusugulie viwili, uvae. Si mwisho wa dunia."

Bi Mnana akajaa kama chura. "Macho yangu? Mimi ninayemwona mwewe kabla yeye mwenyewe hajajua kwamba anakuja? Vijiwe ni vya vikongwe! Na wewe Pimbi, wewe usiye na mkia, ndiwe wa kuniambia mimi nimepungukiwa?"

Pimbi akatazama nyuma yake, pale ambapo mkia ungekuwapo. "Haya, Mama," akasema. "Mwambani njia ni ile ile." Akarudi zake.

Chiriku na Tumbili walisikia yote, hawakusema neno. Walimstahi. Ndege wote wa bondeni walimstahi. Aliyepewa kiota kilichopinda alilala amepinda. Mnaona, jamani? Walikuwa na roho nzuri. Lakini roho nzuri nayo wakati mwingine hufunika chungu kinachoungua.

Sasa sikilizeni.

Yule binti wa pekee wa Bi Mnana, Kidawa, akawa na yai la kwanza tumboni. Mila ya ndege wale ilikuwa hivi: uzao wa kwanza hulazwa katika kiota kilichosukwa na mama mzazi, si mkono mwingine. Mwari hupelekwa amefunikwa kichwa chini ya bawa la mama yake, akaingizwa kiotani haoni njia. Akishaingia, hatoki wala hachungulii mpaka mayai yaanguliwe. Mama ndiye humletea chakula, mama ndiye macho yake.

Mama ndiye macho yake! Ooo, mnaanza kuelewa.

Bi Mnana alikuwa amesikia minong'ono. Ndege hunong'ona. Akaapa moyoni kwamba kiota cha Kidawa kitakuwa kiota ambacho hakijawahi kuonekana. Akaamka mapema, akaenda kwenye mti mkubwa wa mgunga.

Na kwenye mgunga ule, nani alikuwa amesimama? Twiga. Twiga alikuwa amekula majani mpaka akapitiwa na usingizi akiwa amesimama, kichwa ndani ya matawi. Kichaka kimemfunika mwili, majani yamemfunika uso. Zilizobaki nje ni pembe zake mbili fupi, zimesimama pamoja kama vijiti.

Bi Mnana akazipapasa. "Loo! Vijiti viwili, vimelingana, havina miiba! Mungu ananipenda." Akaanza:

*Vuta, nyasi, vuta,*
*Shika tawi, shika...*

Akafunga fundo la kwanza kwenye pembe ya kulia. Akafunga la pili kwenye pembe ya kushoto. Nyasi zikamwishia, akavuta manyoya ya kichwani mwa Twiga, akafungia la tatu.

Twiga akaamka. Akahisi uzito kichwani. Akainua macho, akaona kiota kinaning'inia. Mnajua Twiga hana kelele. Hata akisema kwa nguvu zake zote, ni kama majani yanayoguswa na upepo. Akataka kusema, "Mama, hiki ni kichwa changu." Lakini hapo hapo akamsikia Bi Mnana anajisemea peke yake, sauti imelegea:

"Wanasema nimekwisha. Waje waone. Hii ndiyo kazi yangu nzuri kuliko zote. Mwanangu atazaa kama watoto wa wenzangu."

Moyo wa Twiga ukayeyuka kama mafuta juani. Akasema moyoni, "Kesho. Kesho nitamwambia kwa upole."

Kesho yake Bi Mnana akamleta Kidawa, amefunikwa kichwa, akamwingiza. Na Kidawa alikuwa amebanwa, maskini. Kuingia na kutaga ikawa kitu kimoja.

Twiga akasema moyoni, "Basi tena. Nikisogea mayai yataanguka. Nikisema, Mama atashtuka na mtoto wake ataaibika." Akasimama. Hakulala, hakuinama, hakutikisa kichwa hata kwa nzi.

Siku hiyo Kidawa akauliza kutoka ndani: "Mama, mbona tawi lina joto?"

"Ni jua, mwanangu. Limeshinda linaliwakia."

Siku nyingine akauliza: "Mama, mbona tawi linapumua?"

"Ni upepo, mwanangu. Upepo wa bonde ndivyo ulivyo."

Siku nyingine tena: "Mama, mbona tawi linacheua?"

Hapo Bi Mnana akakohoa. "Mti wenye umri, mwanangu, hukosa utulivu wa tumbo. Nyamaza, utayatisha mayai."

Kina Chiriku walikuwa wanaona. Mwanzoni walicheka mpaka wakashikana mabawa. Kisha kicheko kikakauka, kwa sababu waliona miguu ya Twiga inatetemeka. Tumbili akawa anamchumia majani, anamtia mdomoni moja moja. Chiriku akawa anamfukuzia nzi wa machoni. Lakini maji, jamani, nani atampandishia Twiga maji? Mto uko chini, na Twiga akitaka kunywa sharti atanue miguu na kushusha kichwa mpaka chini kabisa. Akishusha kichwa, Kidawa na mayai yake wataingia mtoni.

"Mwambieni Mama Kidawa," Twiga akanong'ona, midomo imepasuka.

"Mwambie wewe, Tumbili," akasema Chiriku.

"Mimi? Niliyemdanganya kwamba nanyoosha mgongo? Mwambie wewe uliyeusifu mlango!"

Wakatazamana. Hakuna aliyekwenda.

Jua likawa kali. Siku hiyo Bi Mnana alikuja na kiwavi mdomoni, akamlisha binti yake, akatua chini ya kiota apumzike. Mara, to! Tone likamwangukia kichwani. To! Tone la pili.

"Mvua!" akasema Bi Mnana. Akatazama mbinguni. Na mbingu, kwa sababu iko mbali, aliiona vizuri: nyeupe, kavu, haina wingu.

To! La tatu. Likamwingia mdomoni. Lilikuwa na chumvi.

"Mvua ya chumvi," akasema Bi Mnana, safari hii kwa sauti ndogo. Moyo wake ulikuwa umeanza kumwambia kitu, na yeye hakutaka kukisikia. Akasema, "Kiota kinavuja labda. Ngoja nizibe." Akapapasa, akapata nyasi moja ndefu, nyeusi, imepinda vizuri. Akaishika kwa mdomo, akavuta, ikang'oka.

"Aaah," likasema tawi.

Bi Mnana akaiachia. Akarudi nyuma, tawi moja, matawi mawili, akarudi na kurudi mpaka akafika mbali pale macho yake yalipomtii. Akatazama.

Akaona kiota chake. Chini ya kiota akaona jicho kubwa, jeusi, limejaa machozi. Na ile nyasi aliyoivuta ilikuwa kope.

Akashusha mabawa.

"Twiga," akasema Bi Mnana. "Mwanangu. Toka lini?"

"Toka siku uliyosuka, Mama."

"Na maji?"

Tumbili ndiye aliyejibu: "Hajanywa, Mama."

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Tulikustahi, Mama," akasema Chiriku, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuwa na la kuongeza.

Bi Mnana akaruka kwenda kulifungua fundo. Akalisogelea, fundo likawa ukungu. Akarudi nyuma, akaliona, lakini mdomo haulifikii. Akasogea, ukungu. Akavuta alichodhani ni uzi wa fundo, na kiota kikaenda upande. "Mama!" akalia Kidawa ndani. Twiga akakaza shingo, ikatetemeka kama mshipi wa kuvulia wenye samaki.

"Fungua wewe, Chiriku!"

"Mama, fundo lako nani analijua?"

Ni kweli. Fundo la Bi Mnana hulijua Bi Mnana.

Ndipo akageuza uso kuelekea mwambani. Ndugu zangu, safari ile haikuwa ndefu, lakini ilikuwa nzito. Kila alipopiga bawa, alikumbuka maneno aliyomwambia Pimbi. Akafika, akatua mlangoni, akainamisha kichwa.

"Pimbi, mwanangu. Hodi."

"Karibu, Mama. Asiye na mkia yupo ndani."

"Nimestahili," akasema Bi Mnana. "Nicheke baadaye, siku nzima ukitaka. Sasa nipe macho. Twiga anakufa na kiu kwa ajili yangu, na mwanangu yuko juu yake."

Pimbi hakucheka. Akaleta kijiwe cha kwanza, akakiweka mbele ya jicho la Bi Mnana, na mbele ya kijiwe akamweka siafu.

"Unaona nini?"

"Ndovu! Tukimbie!"

"Hicho kimezidi." Akaleta cha pili. "Sasa?"

"Naona... moshi wenye miguu."

"Hicho kimepungua." Akaleta cha tatu, akakipangusa kwa kifua chake. "Sasa?"

Bi Mnana akasema polepole, "Siafu. Ana miguu. Ana kiuno! Pimbi, siafu ana kiuno!"

"Tangu zamani, Mama."

Akamtafutia kingine cha kulingana nacho, Bi Mnana mwenyewe akavifunga kwa unyasi mweusi kuzunguka kichwa. Akaruka. Alipopita kwa Chiriku, akaona tundu la nyuma, kingo zake zimechanwachanwa. Akaelewa. Alipofika mgungani, akaona mkia wa Tumbili wenye kipara. Akaelewa. Akamtazama Twiga karibu, uso kwa uso, akaona midomo iliyopasuka na pengo pale kope ilipong'oka, na machozi ya Twiga na yake yakawa hayana tofauti.

Lakini hakukaa kulia. Akatafuta tawi la kweli jirani na kichwa cha Twiga. Kwanza akalivua majani yote. Akaligonga kwa mdomo. Akaliuliza, "Wewe ni mti?" Likanyamaza. "Vizuri," akasema.

Akaimba, sauti inatetemeka, mdomo hautetemeki:

*Legea, fundo, legea,*
*Acha pembe, acha,*
*Nyumba ya mwanangu*
*Ihame bila kulia.*

Akafungua fundo la pembe ya kulia, akalifunga kwenye tawi. Kidawa ndani akayakumbatia mayai.

Akafungua fundo la pembe ya kushoto, akalifunga kwenye tawi. Shingo ya Twiga ikaanza kushuka yenyewe. "Bado kidogo, mwanangu," Bi Mnana akamnong'oneza. "Bado kidogo sana."

Fundo la tatu ndilo lililofungwa kwa manyoya ya Twiga. Alilifungua unywele kwa unywele, hakung'oa hata mmoja. Akakaza kiota kwenye tawi. Akasema, "Nenda!"

Twiga akaenda. Alitanua miguu mtoni, akashusha kichwa, akanywa, na wanaosema mto ulipungua siku hiyo mimi siwabishii. Tumbili alisimama kando yake anamhesabia mafunda, akakosea, akaanza tena, kwa furaha tu.

Jioni Bi Mnana alileta chakula. Akaingiza kichwa mlangoni, na kwa mara ya kwanza baada ya mwaka mzima na zaidi akauona uso wa binti yake kwa karibu.

"Kidawa! Kumbe umefanana na mama yangu. Hata hako kadoa."

"Nimekuwa nako siku zote, Mama." Kidawa akasikiliza. "Mama, mbona leo tawi halipumui?"

"Kwa sababu, mwanangu," akasema Bi Mnana, "leo ni tawi."

Mayai yakaanguliwa salama. Wa kwanza kuletewa watoto awaone alikuwa Twiga, na bibi yao ndiye aliyewaleta, vijiwe machoni, anamwonyesha vidole vyao kimoja kimoja kana kwamba amevisuka yeye.

Ndiyo maana mpaka leo mnana akitaka kusuka, kwanza hulivua tawi majani yote, ahakikishe ni mti. Na wako wengine wa ukoo wake wenye mstari mweusi kupita machoni. Ule si wanja. Ni unyasi wa miwani ya bibi yao.

Na sisi tuliokaa hapa tunajifunza nini? Macho kuchoka si aibu. Hata jembe huchoka. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mara nyingine, kabla kifo hakijamfika yeye, humpitia kwanza yule aliyembeba kimya. Kwa hiyo ukiona uzi haupiti sindanoni, usiigombeze sindano, nenda kwa Pimbi. Na wewe unayempenda mama yako, usiusifu mlango usiokuwapo. Mshike mkono, mwambie taratibu, kisha umsindikize mpaka mwambani.

Hadithi yangu nimeipiga fundo.

*Nani atalifungua?*

Mwenye macho alifungue, na asiyeona vizuri asione haya kuomba miwani.